Mwamba wa Mahabalipuram: Ni Arjuna au Bhagiratha?

Swali: Ndugu Mhariri, nimeona picha mbili za mwamba uliochongwa sanamu nyingi huko Mahabalipuram, kusini mwa India. Moja imeandikwa "Toba ya Arjuna" na nyingine "Kushuka kwa Ganga". Mchongo huo unasimulia kisa kipi hasa?

Jibu: Ndugu msomaji, mwamba huo wa granaiti, wenye upana wa karibu mita 30, ulichongwa katika karne ya 7, enzi za wafalme wa Pallava, na wachongaji hawakuacha maandishi ya kutaja kisa chao. Kiini cha mjadala ni mtawa aliyekonda hadi mbavu zikahesabika, aliyesimama kwa mguu mmoja huku ameinua mikono juu ya kichwa, na kando yake Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, mwenye mikono minne.

Wanaomtambua kuwa Arjuna wanategemea utenzi wa Mahabharata, ambamo shujaa huyo anajitesa milimani ili Shiva ampe silaha ya Pashupata. Hata hivyo, katika utenzi huo Shiva anamjia kwanza kwa sura ya mwindaji, wakagombania nguruwe mwitu, na tukio hilo halionekani mwambani.

Wengine wanamtambua kuwa Mfalme Bhagiratha, aliyeomba mto Ganga ushuke kutoka mbinguni usafishe majivu ya wahenga wake 60,000, kisa kinachosimuliwa katika utenzi mwingine, Ramayana, na pia katika Mahabharata. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa mwamba umepasuka katikati, ndani ya ufa wamechongwa Naga, viumbe nusu watu nusu nyoka, wakipanda huku wamefumbata mikono, na miungu, watu na wanyama wa pande zote mbili wameuelekea ufa huo.

Kwa maoni yangu, Ganga ndiyo inayoupanga mchongo mzima, lakini sioni sababu ya kumfukuza Arjuna, kwani watazamaji wa zama hizo walizijua tenzi zote mbili. Mtazame paka aliye karibu na miguu ya ndovu mkubwa: amesimama kwa miguu ya nyuma, ameinua ya mbele kama mtawa yule, na panya wamemzunguka bila hofu. Mahabharata inamsimulia paka mnafiki aliyejifanya mcha Mungu kandokando ya Ganga hiyohiyo, akawa anawala panya waliomwamini. Kwa hiyo hata ukiuita mchongo huo Kushuka kwa Ganga, Mahabharata bado imo ndani yake.