Kabla hujashuka pangoni Kuumbi, soma hii kwanza

Ijumaa ilopita kuna dada mmoja wa Dar kaniandikia meseji ndefu, anasema wanakuja Unguja sikukuu, yeye na mumewe na watoto watatu, mdogo ana miaka sita, na ameziona picha zangu za pango la Kuumbi na anataka kuwapeleka watoto, je wataweza, na wachukue nini. Nlianza kumjibu pale pale kwa simu nkajikuta naandika tu na haliishi, nkasema basi bora niliweke hapa kila mtu alisome, maana najua nyinyi mnonifuata mna hamu ile ile nilo nayo mie, ya kuyaona mapango yote ya kisiwa hiki kabla magoti hayajakataa ngazi.

Jibu lake ni kwamba wataweza. Kila mtoto awe na tochi yake. Hili la tochi ntalirudia mpaka mchoke, lakini kwanza skizeni yalonikuta mie.

Mara ya kwanza kuingia Kuumbi ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa nne, masika imeshika khasa. Walikuja watoto wa ami yangu wanne kutoka Dar na mie nkataka kuwaonesha kwamba Zanzibar si bichi na Forodhani peke yake. Sasa ukweli ni kwamba mie, mtoto wa mjini, nlozaliwa na kukulia hapa hapa, nlikuwa sijafika pango lolote hata siku moja, na hilo sikuwaambia, nlijitia mjuzi. Nkamchukua papasi mmoja mjini, yaani wale vijana wanojitembeza kutafuta wageni wa kuwatembeza, mwenye maneno mengi, akanambia pango lile analijua kama uwani kwao, gari anayo, tochi anazo, kila kitu kimo ndani ya bei. Nkamlipa nusu pale pale tumesimama. Njia siisimulii, tulikwenda tukafika.

Pango liko Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, lakini si pwani, unaingia ndani kwenye uwanda, ile ardhi ya mawe matupu ambayo watu wa kusini wanailima kwa kutafuta vifuko vya udongo baina ya jiwe na jiwe. Unatembea kichakani huoni kitu, mara ardhi inafunguka mbele yako na ubaridi unakupiga usoni kama umefungua friji. Pale nje alikuwa kakaa mzee mmoja, ndo anolitizama pango. Papasi wetu hakumtolea hata salamu, kampita kama anapita kisiki. Mie nkasema shikamoo huku natembea, akaitika marahaba, akanitizama miguu. Sikufahamu anatizama nini. Nlikuwa nimevaa champali.

Tukashuka. Pale mwanzoni mwanga wa mlangoni unakusaidia, unaona mizizi ya miti iloshuka kutoka juu kama kamba za ngalawa, unaona ukubwa wa ukumbi, kila mtu anasema mashallah na kutoa simu. Kisha ukigeuka kidogo tu kule ndani mwanga unakatika. Zile tochi tuloambiwa zimo kwenye bei zilikuwa ni simu yake yeye papasi, nayo ina chaji asilimia kumi na nne. Simu zetu sisi tulikuwa tumezimaliza njiani kwa kupiga video. Kuna harufu kali ya popo, chini ni tope juu ya jiwe, na juu kunadondoka. Hatua kama kumi baada ya mwanga kukatika mguu wangu wa kushoto ukaondoka, mkono wa kulia ukatangulia kujikinga, na jiwe la mle ni tumbawe, lina meno. Kiganja chote kikachanika na kifundo kikateguka. Simu yangu ikaruka, nkaisikia ikigonga mara mbili halafu kimya, na ya papasi nayo ndo ikazimika.

Kiza totoro. Mtoto mdogo wa ami yangu analia. Na yule kijana, badala ya kuuliza umeumia wapi, akasema mbele ya wageni wangu, "nyie wenyeji bwana hamuyawezi haya mambo, bora wazungu." Kisha akapapasa akatoka zake nje.

Bora wazungu. Kidole gumba changu mpaka leo kinauma pepo za kusi zikivuma, lakini hicho si kitu mbele ya neno lile. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Ndani ya ardhi yangu, kwa pesa yangu, mtu tunozungumza lugha moja ananambia pahala hapa si pa mtu kama mie.

Alotutoa ni yule mzee. Kashuka na taa, hakufanya haraka, kanishika mkono mzima akasema, "Pole mwanangu. Pango haliendwi mbio. Mungelinambia, ningelikupeni taa." Basi, hakusema zaidi. Juu akanipa maji ya kuoshea jeraha na bibi mmoja alokuwa anapita na kuni akanichania kitambaa cha kanga akanifunga. Papasi alikuwa kwenye gari, ananidai nusu ya pili.

Nimekaa zaidi ya mwaka sitaki kusikia habari za pango. Kisha mwezi wa nane huu nkasema hapana, ntarudi, na ntarudi kwa adabu. Nkamchukua mtoto wa dada yangu ana miaka saba, tukapanda daladala ya Jambiani wenyewe, tumevaa raba, kila mtu na tochi yake na mie nna ya ziada mkobani na betri mpya. Tulipofika hatukushuka. Tulikaa na mzee, shikamoo babu, hujambo, habari za nyumbani, tukampa boflo na kahawa tulochukua kwenye chupa, na habari ya pango sikuigusa mpaka yeye mwenyewe alipoinuka akasema haya twendeni.

Jamani. Ni pango jengine. Yaani ni lile lile lakini mie sikuwahi kuliona. Mzee akitembea hatua tatu anasimama, analaza tochi yake ubavuni mwa jiwe, na jiwe linatoka sura. Anakuonesha yale mawe yanoning'inia juu, na chini yake mengine yanapanda kuyafuata, akamwambia mtoto tizama nchani, na kweli nchani kuna tone moja la maji limekaa, linatetemeka, halitaki kuanguka. Tone lile limebeba chokaa, na likianguka chokaa kidogo inabaki, ndo jiwe linavyokua, kidogo kidogo kupita umri wa mtu. Na pango lenyewe limechimbwa na maji hayo hayo, mvua inapita kwenye udongo na majani yalooza inapata ukali, kisha inalila jiwe la matumbawe taratibu. Hivo sisi tumesimama juu ya bahari ya zamani ilogeuka jiwe na ndani yake mvua imejenga nyumba. Kule ndani kabisa kuna maji ya kunywa, baridi, meupe.

Halafu kuna hili, ambalo kila nkilisema mjini watu wananitizama kama nimetunga. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mle, na mwaka 2012 wakaja watafiti wengine wakachimba tena kwa uangalifu mkubwa, tabaka baada ya tabaka, wakakuta watu walikuwa wakiishi pale kiasi cha miaka 20,000 nyuma, wana zana zao za mawe. Na mifupa ya nyama walowala! Pundamilia. Nyati. Kuro. Hapa hapa Unguja. Maana wakati ule dunia ilikuwa na baridi kali, maji mengi yameganda barafu kule mbali na bahari imeshuka zaidi ya mita mia moja, na mkondo baina yetu na bara si wa kina kirefu, kwa hivo palikuwa pakavu, pundamilia alikuja kwa miguu yake. Bahari ilipopanda tukawa kisiwa, na wale wanyama wakubwa wakatoweka mmoja baada ya mmoja. Watu nao wakaliacha pango maelfu ya miaka, kisha wakaja wengine wakarudi zama za chuma. Pemba ni khabari nyengine, mkondo wake ni wa kina kirefu sana, wao walishakuwa kisiwa zamani. Mama yangu Mpemba nlipomsimulia alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe nyinyi ni watu wa bara."

Sasa niambieni, mtu anokwambia bora wazungu, anajua kwamba pale chini pana jiko la watu wa miaka 20,000? Hajui. Na hatujui kwa sababu hatuendi, na hatuendi kwa sababu tumekubali kwamba utalii ni wa wageni na sisi kazi yetu ni kuwauzia vinyago. Mie nimekataa. Nendeni. Pelekeni watoto wenu, iwe ndo zawadi ya sikukuu.

Lakini nendeni kama watu. Mle Kuumbi utaona vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa, utaona vyetezo na jivu la ubani na chupa za marashi. Kuna watu wanakwenda pale kuomba na kuweka nadhiri, tangu bibi zao na bibi za bibi zao. Mie imani yangu si hio na mzee anajua, lakini nnapita na ushungi wangu kichwani na mikono yangu nnaiweka kwangu. Usisogeze kitu ili picha ipendeze. Usivunje ncha ya jiwe ukaitia mfukoni. Na nyinyi mnoandika majina kwa makaa, fulani anampenda fulani, nimeyaona majina yenu, na yamekaa juu ya ukuta ambao maji yaliusugua kabla hatujawa kisiwa.

Na kwa kuwa wengi mnaniuliza mapango ya Mangapwani, kule kaskazini ya mji, nlikwenda wiki mbili baada ya pale. Nataka mfahamu kwamba kule kuna vitu viwili na watu wanavichanganya. Kuna pango la asili, lina ngazi na maji baridi chini, wenyewe wanasimulia kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa alofuata sauti ya mbuzi wake alotumbukia. Na kiasi cha mwendo mfupi kutoka hapo, karibu na pwani, kuna chumba cha watumwa. Hicho si pango, ni shimo walolichonga watu kwenye mwamba na kuliezeka juu, kwa sababu mwaka 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kukataza biashara ya watumwa na soko la watumwa la Mkunazini, pale mjini, likafungwa, na wafanyabiashara waso haya wakaendelea kwa siri, wakiwaficha watu mle ndani mpaka jahazi lifike usiku.

Nlishuka. Niko chini, mkono wangu umegusa ukuta na alama za chuma kilochongea bado ziko, unazisikia kwa vidole. Wakashuka vijana watatu wa kwetu, wamevaa vizuri, mmoja akakutanisha mikono kama kafungwa pingu na mwenzake anampiga picha na wanacheka. Nliwaambia tokeni. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nlivodhani. Walitoka, na sijuti. Ukitaka picha ya kuchekea kuna pango la Paje watu wanaogelea, nenda ukacheke huko mpaka uchoke, ni pazuri na mie mwenyewe nimeogelea. Mangapwani chumbani unashuka umenyamaza.

Haya, kwa dada wa Dar. Sikukuu yenu ikiangukia masika ulizeni kwanza hali, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha subirini siku moja, jiwe likauke. Raba, si champali, si makubadhi, raba yenye meno chini. Mwenye pumu asiende mbali kule kwenye popo, vumbi la kinyesi chao si zuri kifuani. Bandarini watakufuateni mapapasi wengi, wajibuni kwa heshima na mpite, mtu wenu ni yule alokaa mlangoni pa pango, na pesa yake mpeni yeye mkononi mwake. Msalimieni mkiwa mmesimama, si mnapita.

Na tochi. Nunueni mjini, sokoni Darajani, kabla hamjapanda gari, zile ndogo za kufunga kichwani, mtoto anabaki na mikono yake miwili. Huyo wa miaka sita asiwe nyuma yako, awe mbele, mshike nguo yake mgongoni pale kwenye ngazi. Mkifika ndani kaeni chini wote mkiwa mmegusana, halafu muombe babu muzime taa zote kwa pamoja. Mtoto wetu wa miaka saba aliyahesabu matone kwa sauti ndogo, akafika arubaini na moja, ndo akasema khaloo, washa.