Kifua cha Baba na Gome la Arjuna: Niliyojifunza Kuhusu Ayurveda na Ugonjwa wa Moyo

Baba yangu alikuwa na umri wa miaka 63 alipoanza kulalamika kwamba kifua kinambana kila anapobeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi uani. Tulikuwa na majibu mengi nyumbani kwetu Tanga: sisi watoto tulisema ni gesi, majirani wakasema ni vidonda vya tumbo, na yeye mwenyewe alisema ni uzee. Mimi nilikuwa nikifanya kazi Dar es Salaam, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma sana habari za Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Wahindi, nilikwenda katika duka la dawa za Kihindi mtaa wa Kisutu nikanunua unga wa gome la arjuna. Muuzaji alinihakikishia kuwa hiyo ndiyo dawa ya moyo tangu zamani. Nilimpelekea Baba kopo zima, nikamwelekeza achemshe kijiko kimoja katika maziwa na maji, anywe asubuhi na jioni.

Maumivu yalipungua, na tukashukuru. Leo ninaelewa kilichotokea, na ningependa kila mwenye mzazi anayeshika kifua chake akielewe pia. Mshipa wa moyo ukiwa umekuwa mwembamba, damu hutosha mtu anapokaa na haitoshi anapofanya kazi. Kwa hiyo maumivu huja kwa kazi na huondoka kwa mapumziko, ndani ya dakika chache. Baba alikuwa ameacha kubeba ndoo. Kitu chochote ambacho angekunywa wakati huo, hata maji matupu, kingeonekana kuwa kimemponya.

Kisha ukaja usiku mmoja wa mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Baada ya kula daku mapema, mnamo saa nne usiku, Baba alikaa kitandani akasema kifua kimekuwa kizito, na uzito ule ulipanda hadi kwenye taya na kushuka katika mkono wa kushoto. Alitoka jasho jembamba la baridi ilhali feni ilikuwa inazunguka. Tulimchemshia tangawizi, dada yangu akampaka mafuta ya karafuu kifuani, nami nikampa arjuna katika maziwa ya moto, mara mbili badala ya moja. Tukasubiri hadi alfajiri. Hospitalini walimfanyia kipimo cha umeme wa moyo mara tu alipofika, na daktari akatueleza, bila kutulaumu, kwamba mshipa mmoja ulikuwa umeziba kabisa na sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imekwisha kufa katika saa zile tulizokaa tukichemsha dawa. Sehemu hiyo haikurudi. Kila ninachoandika hapa kinaanzia kwenye saa zile.

Sikusudii kuibeza Ayurveda, kwa sababu baadaye ilitusaidia, na kwa namna ambayo sikuitarajia. Mishipa mitatu ya Baba ilikuwa imeharibika, na familia ilichangishana akafanyiwe upasuaji wa kupandikiza mishipa mjini Kochi, katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Madaktari walitaka abaki karibu nao kwa wiki sita kabla ya kupanda ndege. Tulipanga chumba, na mama mwenye nyumba alipoona Baba halali wala hali vizuri, alitupeleka kwa vaidya, ndivyo wanavyomwita tabibu wa Ayurveda, ambaye kliniki yake ilikuwa mtaa wa pili.

Huko India tabibu wa aina hii si mtu wa kuokota elimu barabarani. Husomea shahada ya miaka mitano na nusu, ukihesabu pamoja na mwaka wa mazoezi ya kazi, na tangu mwaka 2014 serikali yao ina wizara kamili inayosimamia tiba hizo. Vaidya wetu, kabla ya kushika mkono wa Baba apime mapigo, aliomba karatasi zote za upasuaji akazisoma moja baada ya nyingine, kisha akaomba tumwonyeshe kila kidonge. Nilipomsimulia habari ya usiku ule alinyamaza kwa muda, halafu akaniambia kwamba yeye mwenyewe akishikwa na kifua usiku ataita gari la wagonjwa, hatachemsha gome. Sijayasahau maneno hayo, na ningetamani muuzaji wa Kisutu ayasikie.

Alitueleza pia jinsi elimu yao inavyoutazama moyo. Maandishi ya kale ya tabibu Charaka wa India yanataja aina tano za ugonjwa wa moyo. Tatu zinatokana na kuvurugika kwa zile nguvu tatu ambazo Ayurveda inaamini zinauendesha mwili, yaani vata, pitta na kapha. Ya nne inatokana na zote kwa pamoja, na ya tano inahusishwa na minyoo. Maumivu ya vata huelezwa kuwa ya kudunga na kupasua, ya pitta ni ya kuunguza pamoja na jasho na kizunguzungu, na ya kapha ni uzito, kana kwamba kifua kimefunikwa kwa jiwe. Niliposikia habari ya jiwe nilimgeukia Baba, kwa kuwa usiku ule alisema maneno hayohayo. Wazee wale walikuwa wakitazama wagonjwa kwa makini sana. Walichokosa ni njia ya kuuona mshipa wenyewe, na kwa hiyo hawakuwa na njia ya kuuzibua.

Kuhusu arjuna, nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi kwa wagonjwa wa moyo. Ni mti mkubwa unaopenda kingo za mito ya India, wa jamii moja na mkungu tunaoupanda pwani kwa ajili ya kivuli. Gome lake lilipendekezwa kwa moyo na tabibu Vagbhata, karne nyingi zilizopita, na njia yake ya kulichemsha katika maziwa inatumika hadi leo. Wataalamu wa India wamelijaribu kwa vipimo vya kisasa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002, wanaume 58 wenye maumivu ya kifua yanayokuja kwa kazi walipewa dondoo ya gome hilo kwa wiki moja, na maumivu yakapungua. Wiki moja ni muda mfupi, na watu 58 ni wachache. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, wa wagonjwa 100 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kusukuma damu vizuri, haukuonyesha kuwa nguvu ya moyo iliongezeka baada ya wiki 12. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mtu mwaminifu anapopaswa kusimama: huenda lina msaada kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia na anayesimamiwa na daktari, lakini halizibui mshipa, na hakuna aliyeonyesha kuwa linamwokoa mtu aliyeshikwa na shambulio la moyo. Vaidya hakumpa Baba arjuna kabisa katika wiki zile sita.

Hakumpa guguli pia, ile gundi ya mti ulio ndugu wa manemane, ambayo husifiwa kuwa inapunguza mafuta katika damu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema inaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za moyo, na mojawapo aliyoitaja, propranolol, ni ya kundi moja na kidonge cha Baba. Nilipofuatilia baadaye nikagundua kuwa utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta mabaya yalipanda kidogo kwa waliotumia guguli, badala ya kushuka. Vilevile alituonya kuhusu yashtimadhu, ule mzizi mtamu unaotiwa katika dawa nyingi za kikohozi na tumbo, kwa kuwa ukitumiwa sana hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Vidonge vya vitunguu saumu na manjano iliyokolezwa navyo alivikataa, kwa sababu Baba anameza dawa za kuzuia damu kuganda na angeweza kuvuja damu kwa urahisi. Vitunguu saumu vya kwenye mchuzi havina neno.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya mitishamba haina madhara kwa kuwa imetoka ardhini. India yenyewe inatoa mfano wa kuwarekebisha. Mzizi wa sarpagandha ulitumika huko kwa muda mrefu, na mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo yake ya kuutumia kwa wagonjwa wa presha. Miaka michache baadaye ikatolewa ndani yake dawa ya reserpine, ambayo ilienea duniani kote. Ilishusha presha kweli, na pia iliwatia baadhi ya wagonjwa huzuni nzito. Mmea wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru. Ukiununua ukiwa unga katika kopo, hujui umepimwa kiasi gani.

Jambo la kopo linanikera kuliko mengine. Ipo sehemu ya Ayurveda inayotengeneza dawa kwa madini, zikiwemo zebaki na risasi, kwa imani kwamba zikichomwa na kusafishwa mara nyingi hupoteza sumu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Risasi hupandisha presha na kuharibu figo. Mgonjwa wa moyo anayemeza dawa ya namna hiyo kila siku anaongeza mzigo juu ya moyo uliokwisha kuchoka, na anafanya hivyo akiamini anajitibu. Kama kopo halina jina la mtengenezaji, orodha kamili ya vilivyomo na namba ya usajili wa mamlaka ya dawa nchini mwako, liache dukani.

Sasa niseme kile ambacho vaidya alikifanya, kwa kuwa hapo ndipo tiba yake ilipong'aa. Alikaa na Baba saa nzima. Aliuliza anaamka saa ngapi, anakula akiwa na nani, anakasirishwa na nini. Hakuna daktari mwingine aliyepata muda huo, na siwalaumu, wana foleni ndefu mlangoni. Alimpangia mlo mkubwa mchana na mwepesi jioni kabla jua halijazama sana, akamkataza kulala mara tu baada ya kula. Alitufundisha kanuni ya mazoezi ya wazee wao, kwamba mtu atumie nusu tu ya nguvu zake: jasho likianza kutokeza kwenye paji la uso na pumzi ikianza kupitia mdomoni, apumzike. Kwa mtu aliyepasuliwa kifua, kanuni hiyo ilikuwa rahisi kuikumbuka kuliko namba zote za mapigo ya moyo tulizoandikiwa, ingawa daktari wa upasuaji ndiye aliyeruhusu mwendo wenyewe. Alikataa kumkanda kifua kwa nguvu, na akasema matibabu ya kutapisha na kuharisha, ambayo watalii huyafuata Kerala, hapewi mtu dhaifu.

Jioni alimfundisha kulala chali na kufuata pumzi yake bila kuilazimisha. Mazoezi hayo yalichunguzwa Bombay zamani. Mwaka 1969 daktari K. K. Datey na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 47 wa presha waliofundishwa kulala hivyo, na baadhi yao presha ilishuka au dawa zao zikapunguzwa. Baba alikuwa na msiba ambao hakuwa ameuzungumza tangu Mama afariki. Charaka anaagiza kwamba anayetaka kuulinda moyo wake aepuke kwanza yale yanayoitesa nafsi. Katika chumba kile cha kupanga, akiwa amelala chali, Baba alianza kunisimulia habari za Mama, na tangu wiki hiyo akaanza kupata usingizi.

Jambo moja tulibishana na vaidya. Ayurveda inaisifu samli sana, nami sikuweza kukubali, nikijua nyumbani kwetu wali hauliwi bila tui zito, na papa wa chumvi hakosi mezani. Tulimuuliza daktari wa moyo, akasema samli iwe kidogo mno na chumvi isizidi gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kidogo cha chai, kwa vyakula vyote. Tulimfuata yeye. Vaidya hakukasirika.

Baba sasa anatembea kila alfajiri kuelekea Raskazone, kwa nusu ya nguvu zake, na vidonge vyake vya hospitali hajaviacha hata siku moja. Ukutani kando ya kitanda chake tumebandika karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa. Inasema kwamba kifua kikibana zaidi ya dakika tano akiwa amepumzika, au kikija na jasho la baridi, pumzi fupi, kichefuchefu, au maumivu ya taya, mgongo au mkono, asichemshiwe kitu chochote. Akae kitako, atafune aspirini ya miligramu 300, ambayo daktari wake amekwisha kuiruhusu kwa kuwa hana mzio nayo wala havuji damu, na apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo usiku uleule. Dada yangu, ambaye ana kisukari, ameongeza kwa mkono wake kwamba kwa wanawake na wenye kisukari dalili huweza kuwa uchovu na kukosa pumzi tu, bila maumivu makali. Chini kabisa kuna namba za simu za madereva wawili wa teksi wanaolala mtaani kwetu, ambao tumekwisha kuzungumza nao na wamekubali kuamshwa saa yoyote.