Wasomaji Wanauliza: Kwotabeki Kijana Adaiwe Nini?

Tangu ndugu zetu wengi wahamie Texas, Ohio na Michigan, simu zinazoingia Lubumbashi siku za Jumapili hazileti habari za kazi na za watoto peke yake. Zinaleta pia habari za mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu, na hasa habari za vijana wa vyuo vikuu wanaoongoza timu hizo mbele ya viwanja vilivyojaa. Barua tulizochagua safari hii zinazunguka nafasi moja tu uwanjani, nafasi ya kwotabeki, yaani mwongozaji wa mashambulizi.

Mheshimiwa Mhariri, dada yangu anaishi Texas, na wanawe ni mashabiki wa timu ya Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 2025 waliniapia kwamba kijana wao, Arch Manning, angetwaa kila kikombe. Mchezo wa kwanza wakashindwa, na watu wale wale waliomsifu wakaanza kumcheka. Mimi naujua mpira wetu tu. Je, kijana anayepewa namba kwa mara ya kwanza adaiwe nini kwa haki?
*Baba wa watano, Kampemba*

Baba, tuanze na kazi yenyewe, kwa maana wengi wanaomlaumu kijana huyo hawajapata kueleza anafanya nini. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, yaani zaidi kidogo ya mita tisa. Ikifaulu hupewa majaribio mengine manne, isipofaulu mpira unakwenda kwa wapinzani. Karibu kila jaribio linapita mikononi mwa kwotabeki, naye huamua ndani ya sekunde mbili au tatu kama atarusha, atamkabidhi mwenzake, au atakimbia mwenyewe, huku watu wenye uzito wa kilo mia na zaidi wakimjia. Tangu mwaka 2024 makocha wa ngazi ya juu ya vyuo wameruhusiwa kuzungumza naye kwa redio iliyomo ndani ya kofia, lakini redio hiyo hukatwa saa ya kuanzia jaribio inapobakiza sekunde 15. Kutoka hapo anabaki na macho yake tu: anawatazama mabeki walivyojipanga, anakisia nani atakimbia wapi, na mara nyingi mabeki hao wamejipanga hivyo makusudi ili wamdanganye.

Katika mpira wetu anayemkaribia ni golikipa, kwa sababu nafasi ni moja na kosa lake linaonekana na uwanja mzima. Mashabiki wa Kamalondo watakumbuka kwamba Robert Kidiaba alikuwa na umri wa miaka 34 TP Mazembe ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010. Kijana wa chuo hudaiwa utulivu wa namna ile akiwa na miaka 19 au 20, tena katika nafasi ambayo haingoji shambulio bali ndiyo inayolianzisha.

Sasa tumwangalie Manning. Babu yake Archie alicheza nafasi hiyo hiyo, na baba zake wadogo, Peyton na Eli, kila mmoja alitwaa Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ligi ya wanaolipwa, mara mbili. Kabla ya msimu wa 2025 waandishi wa habari wanaopiga kura ya shirika la habari la AP ya kupanga timu bora za vyuo waliiweka Texas nafasi ya kwanza nchini, jambo ambalo halikuwa limewahi kuitokea timu hiyo kabla ya msimu kuanza, ilhali kijana mwenyewe alikuwa ameanza michezo miwili tu, tena kwa sababu mwenye namba alikuwa ameumia. Tarehe 30 Agosti akapelekwa Columbus kucheza na Ohio State, mabingwa watetezi, nyumbani kwao. Alirusha mipira 30, ikafika 17, na Texas ikashindwa 14 kwa 7. Mchezo huo ulianza saa kumi na mbili jioni kwa saa za hapa Lubumbashi, na kabla hatujalala hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa.

Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Mwanzoni mwa Oktoba Texas ilishindwa tena, na Florida, 29 kwa 21, lakini juma moja baadaye iliifunga Oklahoma 23 kwa 6 pale Dallas, na mwishoni mwa Novemba iliifunga Texas A&M, ambayo hadi siku hiyo haikuwa imepoteza mchezo hata mmoja, 27 kwa 17. Ilimaliza ratiba ya kawaida ikiwa na ushindi mara tisa na kushindwa mara tatu, na haikuingia katika mashindano ya timu 12 ya kumtafuta bingwa. Kwa timu iliyotangazwa ya kwanza hayo ni matokeo machache. Kwa kwotabeki katika mwaka wake wa kwanza wa kushika namba, mimi nayaona ya kuridhisha, na ninashangaa kwamba lawama zilimwendea kijana badala ya kuwaendea waliopiga kura kabla mpira haujarushwa.

Ukitaka kumpima kwa haki, Baba, usianze na pointi. Jambo la kwanza ni kama anarudia kosa lile lile. Mpira wake ukinaswa na mpinzani mwezi Septemba kwa sababu hakumwona beki aliyejificha katikati, je, mwezi Novemba beki huyo huyo bado anamdanganya? Peyton Manning, huyo baba mdogo, katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa, 1998, mipira yake ilinaswa mara 28, idadi ambayo hakuna mgeni mwingine wa ligi ya NFL aliyeifikia, na timu yake ya Indianapolis ilishinda michezo mitatu tu kati ya 16. Mwaka uliofuata ilishinda 13. Waliomwona mwaka ule wa kwanza wakamwita bahati mbaya walitazama idadi, hawakutazama kwamba makosa yalikuwa ya mtu anayejaribu kusoma kila kitu na anayezidi kukisoma vizuri.

Jambo la pili ni watu watano walio mbele yake, ukuta unaomlinda. Nikiona kijana anaangushwa chini mara kwa mara kabla hajainua mkono, siwezi kumhukumu hata kidogo, kwa sababu sijamwona akicheza. Watangazaji hawapendi kuzungumza habari za ukuta huo, maana wachezaji wake hawagusi mpira na majina yao hayauzi fulana.

Mhariri, ikiwa kijana anashindwa, kwa nini kocha asimwondoe mapema na kumweka mwingine? Sisi huku golikipa akifungwa mabao ya kizembe mara mbili anakwenda benchi.
*Mwanafunzi wa Unilu*

Makocha wa vyuo huwaondoa pia, na wakati mwingine inafaa. Tarehe 8 Januari 2018, katika fainali ya taifa, Alabama ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma ya Georgia 13 kwa 0, na kocha Nick Saban akamwondoa Jalen Hurts, kijana aliyekuwa ameiongoza timu misimu miwili mizima, akamwingiza Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alabama ikashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Mwaka huo huo, msimu mpya ulipoanza, Clemson nayo ilimpa namba kijana wa mwaka wa kwanza, Trevor Lawrence, baada ya michezo minne, ikamaliza na ushindi 15 bila kushindwa.

Hizo ndizo habari zinazosimuliwa. Ila ukizitazama kwa makini utaona kwamba vijana hao wawili waliingia katika timu zilizokuwa zimekamilika, zenye walinzi, wapokeaji na mabeki ambao wengi wao walikwenda kucheza kwa kulipwa. Lawrence mwenyewe, katika mchezo wake wa kwanza akiwa na namba, aliumia kabla ya mapumziko, na Clemson ikaifunga Syracuse 27 kwa 23 ikiongozwa na kwotabeki mwingine ambaye hata leo ni wachache wanaomkumbuka. Kijana huyohuyo ungempeleka katika timu dhaifu angepigwa kila juma, na wewe na mimi tusingelijua jina lake.

Vivyo hivyo kuhusu tuzo ya Heisman, inayopewa mchezaji bora wa vyuo. Ilianza kutolewa mwaka 1935, na hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyeipata hadi Johnny Manziel wa Texas A&M mwaka 2012, kisha Jameis Winston wa Florida State mwaka 2013. Shabiki anayetaja majina hayo mawili ili kumdai kijana wake anasahau kwamba anataja matukio yaliyongojwa zaidi ya miaka sabini.

Kumwondoa kijana kuna gharama ambayo golikipa wa klabu hana. Aliyemwachia Lawrence nafasi aliihama Clemson kabla ya mchezo wa tano. Mwaka 2021 Oklahoma ilimwondoa Spencer Rattler, aliyetajwa kabla ya msimu kuwa mmoja wa wanaotazamiwa kutwaa Heisman, katika mchezo na Texas, wakati Texas ilipokuwa ikiongoza kwa mbali. Caleb Williams, mgeni wa mwaka wa kwanza, akaingia, Oklahoma ikashinda 55 kwa 48, na uamuzi wa kocha ukashangiliwa. Msimu ulipokwisha Rattler akahamia South Carolina, kocha mwenyewe akahamia USC ya Los Angeles, na Williams akamfuata huko, akatwaa Heisman mwaka 2022 akiwa amevaa jezi ya wengine. Oklahoma ilibaki bila yeyote kati ya hao watatu. Kwa hiyo kocha anayevumilia makosa ya Septemba huenda si mwoga wala si mpole. Huenda anajua tu kwamba aliye benchi na aliye uwanjani wote wawili wana mlango wa kutokea.

Mhariri mpendwa, mtoto wa mdogo wangu yuko Ohio, ana miaka 18, na chuo kikuu kimoja kimempa ufadhili wa masomo ili akawe kwotabeki. Huku kwetu jamaa wote wamekwisha kumhesabu kuwa tajiri. Mimi naogopa. Tungoje nini kwake?
*Mama wa Katuba*

Mama, mwaka wa kwanza ngojeni asicheze. Hilo si baya wala si aibu. Kanuni iliyopo tangu 2018 inamruhusu mchezaji kuingia katika michezo isiyozidi minne bila kuhesabiwa kwamba ametumia mmoja wa misimu yake, na makocha wengi huitumia kwa makwotabeki ili wajifunze mpango wa timu na wakomae mwili. Akipiga simu mwezi Oktoba akisema bado yuko benchi, asiulizwe amefanya kosa gani.

Kuhusu utajiri, ni kweli kwamba tangu tarehe 1 Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa na kampuni kwa kutumia majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Fedha nyingi huwaendea wachache waliokwisha kujulikana. Akiletewa mkataba, usomwe na mwanasheria wa huko huko Ohio kabla ya sahihi. Mjomba mwenye sauti kubwa hatoshi. Na jamaa wa hapa wanaotengeneza orodha ya mabati, karo na harusi wangoje, maana kijana anayerusha mpira huku akihesabu ada za binamu zake hatamwona beki aliyejificha katikati.

Wewe, ukiwa mama yake mkubwa, waweza kumsimulia habari za Joe Burrow, aliyekulia Ohio hiyo hiyo. Alikaa Ohio State misimu mitatu bila kupata namba, akahamia LSU huko Louisiana mwaka 2018, na msimu wake wa kwanza huko mipira 16 aliyorusha ilizaa tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani. Matokeo mazuri ya kawaida, ambayo hayakumfanya mtu yeyote aamke usiku. Mwaka uliofuata zilikuwa 60, LSU ikashinda michezo yote 15, naye akapewa Heisman. Hakukua mkono mpya kati ya misimu hiyo miwili: alikuja kocha mwenye mbinu mpya za pasi, wapokeaji wake Ja'Marr Chase na Justin Jefferson wakakomaa, na yeye mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 22. Usimwahidi kijana wako 60. Mwambie tu kwamba ile 16 pia ilikuwa kazi.

Je, kuna Mkongomani aliyewahi kung'ara katika mchezo huu?
*Msomaji wa Ruashi*

Yupo, ingawa hakuwa kwotabeki. Tim Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka 1974, akakulia Kanada karibu na Montréal, akaenda kucheza Chuo Kikuu cha Michigan kama mkimbiaji wa mpira. Misimu miwili alikaa nyuma ya Tyrone Wheatley, aliyekuwa na jina kubwa zaidi. Alipopata namba mwaka 1995, alikimbia na mpira jumla ya yadi 313 katika mchezo mmoja dhidi ya Ohio State, iliyokuwa haijashindwa, Michigan ikashinda 31 kwa 23, na mwaka uliofuata Carolina Panthers wakamchagua akiwa wa nane katika orodha nzima ya wachezaji wapya wa NFL.