Kebo ya chaji ya USB-C au Lightning ya iPhone: ipi ina nguvu zaidi?

USB-C, ndugu. Kwa kanuni ya 2021 inaweza kupitisha hadi wati 240, inatosha hata kompyuta kubwa. iPhone za Lightning ziliishia kwenye wati 20 na kidogo.

Lakini kwa umbo, mimi bado naipa Lightning. Ilikuja na iPhone 5 mwaka 2012, kichwa chake ni kipande kimoja kigumu, pini 8 ziko nje, na tundu la simu ni wazi ndani. USB-C ina pini 24, na katikati ya tundu la simu mna ulimi mdogo mwembamba. Huo ndio unaovunjika watu wakichokonoa vumbi kwa sindano. Natengeneza simu hapa Birere, mtaa wa Goma, na kwa hili vumbi letu jeusi la lava, kazi hiyo haiishi. Zima simu kwanza, halafu tumia kijiti cha meno cha mbao, polepole.

Ila usidanganywe na umbo la kichwa cha kebo: iPhone 15 ya kawaida ina USB-C, lakini faili zinapita kwa megabiti 480 kwa sekunde, sawa na Lightning. 15 Pro ndiyo inafika gigabiti 10, tena kwa kebo ya kununua kando, si ile ya kwenye katoni. Na kebo ya kupita wati 60 lazima iwe na chipu ndani. Hizi za bei ya chini za barabarani mara nyingi hazina.