Kiwanda kimehamia Meksiko: nina haki ya msaada?

SWALI: Kiwanda chetu cha vipuri vya magari hapa Ohio kimefungwa, kazi imepelekwa Meksiko. Nimesikia kuna msaada wa TAA, yaani msaada wa serikali kwa wanaopoteza kazi kwa sababu ya biashara na nchi za nje. Niombe vipi? — Msomaji, Ohio

JIBU: Pole sana ndugu. TAA ilianzia kwenye Sheria ya Kupanua Biashara ya 1962, ila tangu Julai 1, 2022 Wizara ya Kazi hairuhusiwi kuchunguza maombi mapya wala kuyaidhinisha. Wanaoendelea kunufaika ni wale ambao kundi lao la wafanyakazi lilikwisha kuidhinishwa, nao wakapoteza kazi kabla ya tarehe hiyo. Kuwaacha wengine hivi ni dhuluma.

Usikae bure lakini. Omba bima ya ukosefu wa kazi wiki hiyohiyo uliyoachishwa, kisha thibitisha kila wiki kwamba unatafuta kazi. Wengi hukosa malipo kwa kusahau hilo tu. Halafu nenda American Job Center (kituo cha kusaidia watu kupata kazi), uombe mpango wa wafanyakazi walioachishwa chini ya WIOA, sheria ya shirikisho ya ajira na mafunzo ya kazi. Beba barua ya kuachishwa, kitambulisho na kibali cha kazi. Wanaume waliozaliwa 1960 na kuendelea huulizwa pia kuhusu kujiandikisha Selective Service, orodha ya serikali ya wanaoweza kuitwa jeshini. Usijilipie ada ya mafunzo kabla ya kuidhinishwa: kwa kawaida hairudishwi. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, mdai.