Mtoto anazaliwa Machi: tuchukue bima ya makato madogo au makubwa?

SWALI: Mshauri, salaam. Tunaishi Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani. Kazini wametupa wiki mbili tuchague bima ya afya ya mwaka 2026. Mpango wa kwanza unakata dola 95 kila mshahara, nasi hulipwa kila baada ya wiki mbili. Didaktibo yake, yaani kiasi tunachojilipia wenyewe kabla bima haijaanza kuchangia, ni dola 3,400 kwa mtu mmoja na 6,800 kwa familia, na mwajiri anaweka dola 1,000 kwenye akaunti ya HSA, ile ya akiba ya matibabu. Wa pili unakata dola 190, didaktibo 1,000 kwa kila mtu, familia mwisho 2,000. Ukishamaliza didaktibo, mipango yote miwili inakuachia asilimia 20 ya bili, hadi kikomo cha mwaka: familia 14,000 kwa wa kwanza, 9,000 kwa wa pili. Mke wangu anatarajia kujifungua Machi, na kijana wetu wa miaka sita ana pumu. Wenzangu wote wanasema nichukue wa bei nafuu. Wewe unasemaje?

JIBU: Ndugu yangu, hongera, na unisalimie shemeji. Wenzako huenda wako sahihi kwa upande wao, hasa kama ni vijana wasioonana na daktari mwaka mzima. Ninyi mna uzazi mlangoni, kwa hiyo hesabu yenu ni nyingine.

Anza na makato ya mwaka. Mara 26, mpango wa kwanza ni dola 2,470 na wa pili 4,940. Hiyo utalipa hata msipougua. Kisha ongeza bili ya uzazi. Kila mpango lazima uwe na muhtasari wa mafao na gharama zake, wenye herufi SBC, uombe HR (ofisi ya wafanyakazi) wakikuficha. Mwishoni kuna mifano mitatu inayofanana nchi nzima: Peg anayejifungua, Joe mwenye kisukari, Mia aliyevunjika mfupa. Bili ya Peg imewekwa dola 12,700, na muhtasari unaonyesha angelipa kiasi gani chini ya mpango huo. Ni ukurasa mzuri kuliko kipeperushi chochote cha rangi, ila una mtego: mifano hiyo imepigwa kwa mtu aliyejikatia bima peke yake. Ninyi mnakata ya familia.

Hapo ndipo penye swali ambalo wengi hawaulizi. Katika mipango ya HSA, didaktibo ya familia huwa ya aina mbili. Kuna ile ambayo kila mtu ana yake: shemeji akifikisha 3,400, bima inaanza kumchangia. Na kuna ya kapu moja: hakuna anayechangiwa hadi familia nzima itoe 6,800, na ile 3,400 ni ya mfanyakazi aliyejiandikisha peke yake tu. Ukisoma kwa haraka karatasi zinafanana.

Tutumie bili ya Peg, tuseme pia mtoto mwenyewe ana bili ya dola 2,000, maana akishazaliwa anahesabiwa mgonjwa wa pili. Mpango wa kwanza ukiwa wa kapu moja, uzazi utakugharimu 7,980 na mtoto 400. Weka makato, toa ile 1,000 ya mwajiri, unapata 9,850. Didaktibo ikiwa ya kila mtu, uzazi ni 5,260 na mtoto 2,000, jumla yote 8,730. Mpango wa pili: uzazi 3,340, mtoto 1,200, ukiongeza makato ni 9,480. Kwa hiyo mpango uleule wa "bei nafuu" unaweza kukuokolea dola 750 au kukuzidishia 370, kutegemea jibu la swali moja. Waandikie HR barua pepe, wakujibu kwa maandishi.

Mimi hata wakijibu kwamba kila mtu ana yake, ningewachagulia wa pili kwa mwaka huu. Sababu ni tarehe. Didaktibo inaanza upya Januari, na bili zinakuja kuanzia Machi. HSA inatoa tu pesa iliyokwisha kuingia, na waajiri wengi huiweka kidogo kidogo. Kama mwajiri wenu ana FSA, akaunti ya matibabu inayojazwa kwa kukatwa mshahara, pamoja na mpango wa pili, mambo ni kinyume: kiasi chote ulichoahidi kukatwa kwa mwaka, sheria ikiruhusu hadi dola 3,400 kwa 2026, unaweza kukitumia tangu siku ya kwanza ya mpango, huku mshahara ukikatwa polepole hadi Desemba. Usizidishe tu, kwa sababu isiyotumika huenda ikapotea. Pia mtoto akizaliwa njiti na kulazwa wiki kadhaa, kikomo kinafikiwa upesi, na mwaka mbaya kabisa, ukiweka makato na kutoa ile 1,000 ya mwajiri, ungekuwa dola 15,470 upande wa kwanza dhidi ya 13,940 upande wa pili.

Kuhusu pumu, tangu 2019 mipango ya HSA inaruhusiwa kulipia inhela za kuzuia pumu kabla ya didaktibo, lakini hailazimishwi. Tafuta jina kamili la dawa ya kijana kwenye orodha ya dawa ya kila mpango. Halafu piga simu kliniki ya shemeji na hospitali atakayojifungulia, uwatajie jina lote la mpango. Kampuni ileile ya bima huwa na mitandao tofauti ya hospitali, kwa hiyo kuambiwa "tunapokea bima hiyo" hakutoshi.

Kabla ya yote hayo, ulizieni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Haina msimu, inaombwa mwezi wowote, na kiwango cha kipato kwa mjamzito na kwa watoto ni cha juu kuliko cha watu wazima wengine. Hadhi ya uhamiaji huangaliwa pia. Huenda shemeji na kijana wakaingia huko na ukabaki kujikatia wewe tu.

Na mtoto akizaliwa, usidhani hospitali ndiyo itamwandikisha kwenye bima yako. Karatasi wanayojaza wodini ni ya cheti cha kuzaliwa. Kazini una angalau siku 30 za kumwongeza, na ukiwahi, bima yake inahesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Ukichelewa, unaweza kulazimika kusubiri msimu mwingine, na ile bili ya wodini itakuwa yako yote.