Mali ya Babu Yako Ilikwenda Wapi

Mwanangu mpenzi,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimeupata, na shikamoo yako nimeipokea. Unauliza, kwa adabu lakini kwa mkazo wa mtu aliyezoea kukagua hesabu za watu benki, imekuwaje babu yako, ambaye milango mingi ya mtaa wetu hapa Pangani imetoka mikononi mwake, afariki bila kuacha kitu zaidi ya nyumba ile ile aliyotulelea, karakana ya makuti na ngalawa kuukuu. Unataka kujua kama alidhulumiwa au kama alikuwa na mambo aliyotuficha. Hakudhulumiwa, na siri hakuwa nayo. Nakuandikia mimi niliyekuwa binti yake kwa sababu ukimwuliza mjomba wako atakuchekesha tu, na swali lako halistahili mzaha.

Babu yako alikuwa seremala wa nchi kavu na wa baharini. Alitengeneza vitanda, makabati, fremu za madirisha na vibao vya madrasa, na msimu ulipofika alishuka ufukweni kubadilisha mataruma, yaani mbavu za chombo, yaliyooza na kupiga kalafati, akishindilia pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao kwa uvumilivu ambao hakuwa nao kwa jambo jingine lolote. Kwa mlango wa mbele alipenda mvule au mkongo, kwa kitanda mninga, na mteja asiyekuwa na uwezo alimshauri achukue msaji wa shamba la serikali la Longuza kule Muheza, kisha akamtengenezea kwa uangalifu uleule. Mbao mbichi hakuigusa. Aliilaza kivulini mpaka aridhike, na kama mteja alikuwa na haraka alimwelekeza kwa fundi mwingine bila kinyongo, jambo lililomtia bibi yako hasira kila lilipotokea.

Ukitaka kumwelewa, lakini, usimtafute karakanani peke yake. Mzee yule hakuweza kukaa chini ya paa siku nzima. Wakati wa maleleji, bahari inapotulia kati ya kusi na kaskazi, karakana ilifungwa na wateja wakajua wamngoje. Alitoka alfajiri upepo wa umande ukivuma kutoka bara, akarudi alasiri na upepo wa bahari, na mara nyingi alinichukua mimi, ingawa shangazi zangu walinung'unika kwamba mtoto wa kike hapelekwi kuvua. Tulivua kwa mshipi, changu na tasi zaidi, na tulipokuwa tukipandisha kutoka ufukweni aligawa samaki kila mlango alipoulizwa hali, hivi kwamba kapu tuliloshindwa kulibeba pwani nililifikisha nyumbani kwa mkono mmoja.

Alinipeleka pia Maziwe, kisiwa ambacho wewe umekiona kama fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mimi nilikiona kikiwa bado na mivinje, na nyayo za kasa walizoacha usiku walipopanda kutaga. Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini bahari haikusoma tangazo, na miaka ya themanini ilipoanza miti ilikuwa inamalizika. Mvinje ni mti mzuri wa mlingoti, na wapo walioona kwamba kwa kuwa mawimbi yataichukua hata hivyo, heri waikate wao. Babu yako alikataa kutia mkononi mti wa Maziwe hata alipoletewa umekwisha kukatwa na kwa bei rahisi. Alinunua milingoti bara kwa bei kubwa, na tofauti ile hakumtoza mwenye chombo. Hapo tayari unaona shilingi zako zinakokwenda.

Sehemu kubwa zaidi, hata hivyo, ilikwenda na mkonge. Mbegu za kwanza za zao hilo zilipandwa mwaka 1893 huko Kikogwe, karibu kabisa na kwetu, na tangu hapo mkoa wote wa Tanga ukawa unaishi kwa mkonge: katikati ya miaka ya sitini nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Wateja wa babu yako walikuwa watu wa mashambani humo, wakataji na wafanyakazi wa viwanda vya kusindika, na mishahara yao ndiyo iliyonunua vitanda vyake. Kamba za plastiki zilipoingia duniani bei ikaanguka, mashamba yakageuka vichaka, na waliokuwa wamechukua samani kwa mkopo hawakuwa na cha kulipa. Yeye aliendelea kuwapa. Harusi haisubiri soko la dunia, alisema, na bibi harusi hawezi kulala chini kwa sababu ya bei ya katani.

Madeni aliyaandika kwa penseli yake ya useremala kwenye ubao mmoja wa mvule uliosimama nyuma ya mlango wa karakana: jina, kitu, kiasi. Hakwenda kudai hata siku moja. Ilipofika miaka ya uhaba baada ya vita vya Uganda, misumari ilipokuwa adimu kama sukari na sisi watoto tukishinda tukinyoosha misumari iliyong'olewa kwenye masanduku, bado majina yaliongezeka pale ubaoni. Dini inahimiza kumpa muda mdaiwa aliyebanwa, na kusamehe ni bora zaidi. Yeye alilichukua agizo hilo kama jambo la kawaida, bila mahubiri. Mwaka aliofariki, alipoona nguvu zinamwishia, alimwita mjomba wako aulaze ubao ule kwenye meza na aupige randa pande zote mbili. Mjomba wako alisita, kwa kuwa baadhi ya waliokuwemo walikuwa wamekwisha kutajirika. Mzee alisema hataki wanawe waende kugonga milango ya watu na orodha, tena milango aliyoitengeneza yeye mwenyewe. Ubao huo sasa ni rafu jikoni kwangu, umeweka birika na vikombe juu yake.

Sasa usinielewe vibaya, ukadhani kwamba tulikuwa tukiimba tu. Ukarimu ule ulikuwa na mlipaji wa pili, naye ni bibi yako, aliyeamka usiku kuchoma vitumbua vya kuuza ili mimi na mjomba wako tupate ada na sare. Aliwahi kumwambia babu yako mbele yetu kwamba ni rahisi kuwa mkarimu kwa jasho la mwenzio, na babu yako hakuwa na jibu. Mimi naona bibi yako alikuwa na haki. Naona pia kwamba tulipouguliwa, au paa liliposombwa na upepo, hatukuwahi kununua hata kuti moja, na kwamba nilipokwenda chuo nauli yangu ililetwa na mtu ambaye jina lake nililikumbuka kutoka ubaoni. Ukipenda kufanya mizania, ingiza na hayo. Mimi nimejaribu, na hesabu hainitoki sawasawa.

Kitu kimoja hakikuandikwa ubaoni tangu mwanzo, nacho ni viunza. Mtu alipofariki mtaani, wa kwetu au mgeni, babu yako aliacha kazi iliyokuwa mkononi na kukata mbao za kumfunikia mwanandani, na aliyethubutu kuuliza bei alifukuzwa. Mbao za kwake mwenyewe alikuwa amezichagua mapema, na mjomba wako ndiye aliyezikata.

Kuhusu vifaa ulivyoniuliza: randa ndogo na patasi ni zako, njoo uzichukue Idi ikifika. Ngalawa inahitaji matengo mapya, yale ya ubavuni yanayoizuia isipinduke. Karakana anayo mjomba wako, naye siku hizi hudai nusu ya malipo kabla ya kugusa mbao, na simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Viunza tu ndivyo hatozi.

Mama yako